Naona Vumbi Tu, Babu

Kaeni chini. Mwenye miguu ya matope asikanyage mkeka. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, asije akasema kesho kwamba hadithi hakuisikia.

Palikuwa na mtoto, jina lake Kalunde. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa na pengo mbele na maneno mengi mdomoni.

Lakini asubuhi hiyo maneno yote yalikuwa yamemkauka.

Nje ya nyumba yao, mjini Tabora, ilisimama pikapu ya Mjomba Mihayo. Ilikuwa pikapu kuukuu. Taa moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa imefumba jicho tangu mwaka juzi.

Nyuma ya pikapu waliweka godoro. Juu ya godoro walimlaza Babu.

Babu Kashindye alikuwa mrina asali. Miezi miwili iliyopita alipanda mtini kutundika mzinga. Tawi likakatika. Kah! Babu akaja chini. Mguu nao ukavunjika.

Sasa mguu ulikuwa ndani ya hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Mweupe. Mzito. Kama gogo lililopakwa chokaa.

"Mzee, nenda nyumbani kwako kijijini," daktari alisema. "Lala chali. Usiinuke mpaka nikuambie."

Babu hakumjibu. Siku hizi Babu hakumjibu mtu. Akiletewa uji, anageuza uso. Akitaniwa, anafumba macho. Na mzee wa Tabora akiacha utani, jueni anaumwa kweli.

Juu ya Babu walifunga turubai la bluu, kumkinga jua. Babu akitazama juu, anaona turubai. Akitazama kulia, ubao. Akitazama kushoto, ubao. Basi.

Mama yake Kalunde alikuwa anabaki mjini, kazini. Akamvuta Kalunde pembeni.

"Wewe utakaa nyuma na Babu. Umshikie kikombe cha maji."

"Sawa, Mama."

"Na usimpe habari mbaya. Hata moja. Babu ana huzuni ya kumtosha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Kalunde alielewa. Alielewa kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Bibi Nyamizi alikaa mbele na dereva, kwa sababu ya kiuno chake. Kabla ya kupanda, akapitisha kichwa chini ya turubai. Bibi humwita Kalunde mke mwenza, kwa utani, maana wote wawili wanagombea Babu mmoja.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Mumeo huyo hapo. Mchunge. Akijaribu kuinuka, mgonge na kikombe."

Kalunde akacheka kidogo. Babu hakucheka.

Jirani akapunga mkono mlangoni. "Mnapita njia ile ya msituni? Mwezi huu wa tisa? Poleni. Hakuna cha kutazama huko. Vumbi, miti mikavu, na mbung'o."

Mjomba Mihayo akawasha gari. Likakohoa. Likakohoa tena. Likakubali.

Gurugudu, gurugudu, pikapu ikaenda.
Pwata, pwata, turubai likapiga.

Pembeni mwa turubai palikuwa na tundu, ukubwa wa sahani. Kalunde akaweka uso hapo. Nyumba zikapita. Mbuzi wakapita. Kisha nyumba zikaisha.

"Kalunde," Babu akasema.

Kalunde akashtuka. Babu alikuwa hajasema neno tangu jana.

"Mimi hapa sioni kitu. Wewe uwe macho yangu. Mjukuu wangu, unaona nini?"

Kalunde akatazama vizuri.

"Naona vumbi, Babu. Vumbi tu."

Na hiyo ilikuwa kweli.

Babu akarudisha macho juu. Halafu akasema taratibu, akiliambia turubai.

"Nyumbani nina mzinga mmoja. Umeegemea ukuta. Mtupu. Ule mzinga nilianguka nao."

"Haukuvunjika, Babu?"

"Mzinga ni mgumu kuliko mimi."

Kalunde akamnywesha maji. Babu akameza kidogo.

"Miti ikitoa majani mapya, maua yanafuata. Maua yakija, nyuki wanakuja nayo. Mzinga uwe umeshatundikwa, unawangoja. Kwa hiyo nitazamie majani, Kalunde. Mwezi wa tisa unaisha. Yangekuwa yameshatoka."

"Na yasipotoka?"

"Yasipotoka, hakuna maua. Hakuna maua, hakuna nyuki." Babu akafumba macho. "Na bibi yako ameapa. Msimu huu mzinga ukikosa nyuki, anaupasua kuni."

Kalunde akaitazama migongo miwili kupitia kioo cha nyuma ya dereva. Mgongo wa Mjomba ulikuwa mpana. Mgongo wa Bibi ulikuwa umenyooka kama mchi. Mgongo wa mtu asiyerudisha neno.

Sasa sikilizeni. Babu alisema majani. Rangi hakusema. Alikuwa amerina asali miaka hamsini. Kwake yeye, kutaja rangi ya majani yale ni sawa na kumwambia mtu kwamba maziwa ni meupe.

Kalunde alizaliwa mjini. Kalunde hakujua.

Gurugudu, gurugudu, pikapu ikaenda.
Pwata, pwata, turubai likapiga.

Wakaipita Sikonge. Lami ikaisha. Miti ikaanza.

Ilikuwa miti ya kijivu, mirefu, myembamba. Haikuwa na jani hata la kufutia pua. Chini yake nyasi zilikuwa zimeungua. Ardhi ilikuwa nyeusi.

"Mjukuu wangu, unaona nini?"

"Naona vumbi, Babu. Na miti mikavu."

"Hakuna majani?"

"Hakuna, Babu."

Babu akavuta pumzi, akaitoa. Pumzi ilikuwa ndefu. Kalunde alitamani amdanganye kidogo. Hakumdanganya.

Bado.

Mbung'o mmoja akaingia chini ya turubai. Mbung'o ni nzi mwenye sindano. Akazunguka, akachagua, akatua kwenye hogo la Babu. Akachoma. Akachoma tena. Hakuelewa kitu, akaondoka zake.

Siku nyingine Babu angecheka mpaka akohoe. Siku hiyo hakuona.

Gari likapanda kilima kidogo. Likateremka.

Hapo Kalunde akaona mti mmoja mwekundu.

Akapangusa macho. Mti bado mwekundu.

Kisha akaona miwili. Kisha kumi. Kisha gari likapinda kona, na msitu wote ulikuwa mwekundu.

Mwekundu kama tofali lililochomwa. Mwekundu kama mawese kwenye chupa. Mingine rangi ya chungwa. Mingine rangi ya shaba. Mingine ilikuwa kama ulimi wa mtoto, waridi na kung'aa. Jua lilipita katikati ya majani, na majani yakawaka kama vioo.

Msitu huo ulianzia hapo barabarani ukaenda mpaka mwisho wa macho.

Moyo wa Kalunde ukapiga. Du. Du. Du.

Maana Kalunde aliwahi kuwa na mharage. Aliupanda shuleni, kwenye kopo. Uliota, ukawa wa kijani. Siku moja majani yakageuka rangi. Mwalimu akasema, "Pole, Kalunde. Mharage wako umeugua." Ijumaa ukafa.

Huo ulikuwa mharage mmoja. Hapa ulikuwa umeugua msitu mzima.

Na kilichomtisha zaidi ni kwamba ulipendeza. Ulipendeza mno. Mgonjwa gani anapendeza hivi?

"Mjukuu wangu," Babu akaita, "unaona nini?"

Kalunde akautazama msitu. Akamtazama Babu. Akakumbuka maneno ya Mama. Habari mbaya, hata moja.

"Naona vumbi, Babu," akasema. "Vumbi tu."

Na hiyo haikuwa kweli.

Gurugudu, gurugudu, pikapu ikaenda.
Pwata, pwata, turubai likapiga.

Saa saba mchana wakasimama kivulini. Mjomba Mihayo akamwagia gari maji. Gari likafuka moshi kama chungu.

Bibi akaleta michembe kwenye bakuli. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa. Ni migumu. Mwenye meno anatafuna, asiye na meno anamumunya.

Kalunde na pengo lake akamumunya.

Babu hakutaka. "Nyamizi," akamwita Bibi. "Wewe uko mbele, una kioo kikubwa. Majani yametoka?"

Bibi akaitazama miti. Ilikuwa imemzunguka pande zote, myekundu, inang'aa. Akaitazama, akalimeza jibu.

"Kula mchembe," akasema.

"Nimekuuliza majani."

"Na mimi nimekujibu mchembe."

Akafunga turubai, akaenda zake mbele. Kalunde akawaza: kumbe hata Bibi amekatazwa na Mama.

Safari ikaendelea. Msitu ukazidi kuwa mwekundu, na Kalunde akazidi kusema vumbi.

Babu akauliza mara ya tano. "Vumbi, Babu."

Babu akauliza mara ya sita. "Vumbi tu."

Mara ya saba, Babu hakuuliza.



Barabara ikawa nyembamba. Matawi yakasogea karibu. Mara, pwaa! Tawi likapiga turubai. Kijitawi kikakatika, kikaingia kwa lile tundu, kikaanguka mapajani kwa Kalunde.

Kilikuwa na majani sita. Mekundu yote.

Kalunde akakificha chini ya gauni, haraka.

"Nini hicho?" Babu akauliza.

"Vumbi."

"Vumbi halipigi kofi, Kalunde."

Kalunde akalibana gauni kwa mikono miwili.

"Ni tawi," Babu akasema. "Tawi kavu. Najua. Usinifiche." Akageuza uso ubaoni. "Basi. Mwaka huu majani hayakutoka. Tukifika, mwambie bibi yako aupasue ule mzinga. Mimi mdomo wangu haufiki kwenye neno hilo."

Chozi likatoka kwenye jicho la Babu. Mtu akilala chali, chozi haliendi shavuni. Linaingia sikioni. La Babu likaingia sikioni, na Babu hakulipangusa.

Kalunde hakuwahi kuona mzee akilia. 

"Babu, usilie!" akasema. "Usilie! Si vumbi!"

"Si vumbi?"

"Ni miti. Miti inaumwa, Babu. Inaumwa yote! Imegeuka rangi kama mharage wangu, na mharage wangu ulikufa Ijumaa, na Mama alisema nisikupe habari mbaya, na mimi nikasema vumbi, na..."

Hapo pumzi ikamwishia. Akachomoa kijitawi chini ya gauni, akakiweka juu ya kifua cha Babu.

Babu hakukitazama kwanza. Alikishika. Akachukua jani moja, akalisugua kwa vidole viwili. Polepole.

"Kalunde," akasema. "Jani la mharage wako, siku linakufa, lilikuwaje? Ukilishika."

"Gumu. Linavunjika. Kacha kacha."

"Shika hili."

Kalunde akalishika. Halikuvunjika. Lilikuwa laini. Lilikuwa na unyevu kidogo. Lilikuwa kama...

"Kama nini?" Babu akauliza.

"Kama sikio la mtoto mchanga."

"Eeeh," Babu akasema. "Sasa umesema. Hili jani halifi. Hili jani limezaliwa juzi. Miti ya huku inazaa majani mekundu. Yakikua ndiyo yanakuwa ya kijani. Wewe ulipotoka tumboni ulikuwaje? Mweusi hivi?"

"Sijui, Babu."

"Mwekundu! Mwekundu kama kitoto cha panya! Na hakuna aliyesema unaumwa."

Kalunde akalichukua jani. Akalisugua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo msitu haufi?"

"Mangapi umeyaona?"

"Nini, Babu?"

"Majani! Mekundu! Ni mti mmoja? Miwili?"

"Yote, Babu. Yote mpaka mwisho."

Babu akachukua kikombe. Akagonga kioo cha nyuma ya dereva. Ngo! Ngo! Ngo!

"Mihayo! Simamisha hili kopo lako!"

Gari likasimama. Mjomba Mihayo akaja mbio. Bibi akaja nyuma yake, kiuno mkononi.

"Mguu?" Mjomba akauliza. "Baba, ni mguu?"

"Achana na mguu. Fungua turubai."

"Daktari alisema jua..."

"Daktari yuko Tabora. Fungua."

Mjomba akafungua kamba. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Turubai la bluu likaanguka pembeni, pwataa.

Na juu ya Babu kulikuwa na paa jekundu. Matawi yalikuwa yamekutana katikati ya barabara. Mwanga ulipita kwenye majani ukashuka mwekundu juu ya godoro, juu ya hogo jeupe, juu ya uso wa Babu.

Babu alitazama.  Mbung'o walikuja wakamchoma, naye hakuwafukuza.

Mjomba Mihayo alitazama. Alikuwa amepita njia ile mara ishirini, kila mara akitazama mashimo.

Kalunde akamgeukia Bibi.

"Bibi, na wewe uliyaona?"

"Nina macho."

"Mbona hukumwambia Babu?"

Bibi akatengeneza kitenge chake. Akakitengeneza tena, ingawa kilikuwa sawa.

"Siku anaanguka, wewe ulikuwa Tabora," akasema. "Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kishindo. Nikadhani ni gogo. Nikaendelea kusonga ugali." Akaitazama miti. "Mzee huyu akiona jani jekundu, kesho yuko juu ya mti. Na hogo lake."

Babu akamgeukia. 

"Mke wangu," akasema, "uliniona nalia ndani?"

"Nilikuona umenuna. Kununa hakuvunji mfupa."

Babu akaanza kutikisika. Kalunde akaogopa. Kumbe Babu anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka hogo likagonga ubao.

"Nipe mchembe," akasema.

Turubai hawakulirudisha. Bibi alimfunika Babu kichwa kwa kitenge chake cha pili, na safari ikaendelea.

Gurugudu, gurugudu, pikapu ikaenda.

"Mjukuu wangu, unaona nini?"

"Naona nyekundu, Babu!"

"Ipi? Nyekundu ziko nyingi. Nitajie."

"Nyekundu ya mawese! Nyekundu ya tofali! Nyekundu ya... ya pua ya Mjomba akiwa na mafua!"

"Nimesikia huko!" Mjomba akapiga kelele kutoka mbele.

"Na kingine," Babu akasema, akitafuna. "Siku nyingine mtu akiwa anaumwa, mpe ukweli. Uji anapewa na kila mtu."

"Sawa, Babu."

Walifika nyumbani jua likiwa limeinama. Nyumba ilikuwa ndogo, ya tofali. Ukutani umeegemea mzinga. Gogo refu la mninga, limechongwa likawa wazi ndani. Vumbi lilikuwa limejaa juu yake. Hilo lilikuwa vumbi la kweli.

Wakamlaza Babu barazani. Bibi akasimama mbele ya mzinga, mikono kiunoni. Pembeni yake lilikuwa shoka.

Kalunde akashikilia pumzi.

"Niliapa," Bibi akasema. "Ukikosa nyuki msimu huu, kuni. Niliapa na siogopi kiapo."

Akalitazama shoka. Akautazama msitu.

"Lakini msimu haujaisha. Ndio kwanza umezaliwa. Mihayo, lete kamba."

"Mti ule mrefu kule nyuma ya shamba!" Babu akaanza. "Tawi la tatu! Ukipanda, shika kushoto..."

"Hapandi mtu," Bibi akasema. "Utatundikwa tawi la chini. Usawa wa kifua changu."

"Mzinga wa chini?" Babu akashika kichwa. "Nyamizi, nyuki watatucheka!"

"Wacheke. Wao hawana mguu wa kuvunja."

Babu akafikiri. Akalitazama hogo lake. Akalitazama muda mrefu.

"Haya," akasema. "Wacheke."

Lakini mzinga mtupu hauiti nyuki. Lazima upakwe nta ndani, nyuki wasikie harufu ya kwao. Mjomba Mihayo akajaribu. Mkono wake ukakwama kwenye tundu dogo la kuingilia nyuki. Bibi akajaribu. Ukakwama.

"Mwenye mkono mwembamba yuko hapa," Babu akasema.

Kalunde akachukua donge la nta. Akaingiza mkono mpaka begani. Humo ndani mlikuwa na giza na baridi. Akapaka. Akapaka juu, akapaka chini, akapaka mpaka mwisho kabisa, pale ambapo mkono wa mtu mzima haufiki.

Alipoutoa, mkono ulinukia asali.

Wakaubeba mzinga mpaka nyuma ya shamba. Wakautundika. Ukaning'inia usawa wa kifua cha Bibi, kama mbuzi anayengoja kuchunwa.

Siku ya kwanza, hakuja nyuki.

Siku ya pili, hakuja nyuki. Babu alikunywa uji nusu.

Siku ya tatu, maua madogo yakafunguka kwenye miti. Nyuki hakuja. Bibi akanoa shoka. Akasema ni la kukatia mihogo. Hakuna aliyemwamini.

Siku ya nne, Kalunde akaona nyuki mmoja. Akaingia mzingani, akatoka, akaruka zake.

"Mmoja tu, Babu," Kalunde akasema. Alisema ukweli, ingawa ulikuwa mdogo.

"Huyo katumwa," Babu akasema. "Amekuja kuangalia nyumba."

Siku ya tano, mchana, kiza kidogo kikapita juu ya shamba. Kiza chenye sauti. Kikateremka kwenye mti. Kikaingia mzingani, kidogo kidogo, mpaka kikaisha.

Kalunde hakwenda karibu. Alikimbia barazani.

"Babu! Babu! Unajua naona nini?"

"Usiseme vumbi."

"Wameingia! Wote!"

Babu akalala chali, akatazama dari. Chozi likatoka. Likaingia sikioni. Safari hii alilipangusa, akasingizia moshi wa jiko.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Akalichukua shoka. Akaenda kukata mihogo.

Jioni hiyo Babu alimaliza uji, akalamba na kijiko. Kalunde alitandikiwa mkeka kando ya kitanda cha Babu, karibu na dirisha. Upepo ulikuwa umetulia. Ukitulia hivyo, hata shamba la nyuma unalisikia.

"Mjukuu wangu," Babu akasema, "unaona nini?"

"Sioni kitu, Babu. Nimefumba macho."

"Na unasikia nini?"

Kalunde akasikiliza.

Vuuu. Vuuu. Vuuu.

"Nasikia watu wanahamia," akasema.

"Na wewe lala, mke mwenzangu," Bibi akasema gizani. "Wenzako kesho wana kazi."

Kalunde akalala. Mkono wake ulikuwa chini ya shavu, na ulikuwa bado unanukia asali.

Hadithi imefika mtoni, ule mto wa kulalia. Zimeni taa. Nitakayemsikia anacheka, kesho anapewa michembe ya jana.